Umesoma kwa Nani?

"Umesoma kwa nani?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza Babu asubuhi moja pale kwetu Jomvu Kuu, nami nikiwa msichana wa sekondari niliyedhani hakuna swali duniani lililonishinda. Lilinishinda. Nililikumbuka juzi, mwanangu, uliponijia ukaniambia huoni haja ya kutafuta darasa la jioni kwa kuwa kila kitu kimo ndani ya simu yako. Uliona nimenyamaza ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa namsikiliza Babu.

Kwanza nikueleze nilikuwa mtu gani, maana wewe umenikuta na mvi na miwani, na huenda wadhani nilizaliwa hivi. Nilikuwa mbishi. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa, kabla ya kulia, nilitaka kujua mkunga ametoka wapi na nani amempa ruhusa. Chuoni kwa Babu, tulipokuwa tukihifadhi Kurani, wenzangu walisoma na mimi nikauliza. Kwa nini hivi? Nani kasema? Amejuaje? Babu alinivumilia kuliko alivyowavumilia wengine, lakini siku nyingine alinitoa nje nikawaulize kuku.

Miaka ile Uhuru ulikuwa umekaribia. Wazee barazani walibishana bendera ya Mwingereza ikishuka nani atakuwa nani, na Pwani itakuwa ya nani. Mimi nilikuwa na langu moja. Nilitaka kusoma sheria. Nilitaka kusimama mahakamani, niulize, na mtu alazimike kunijibu. Lakini chuo kikuu nilichokitamani kilitaka kila atakayesoma sheria awe amefaulu Kilatini katika mtihani wa kumaliza sekondari, na shule yetu ya wasichana kule kisiwani haikukifundisha Kilatini. Wavulana walikuwa nacho. Sisi tulikuwa na ushonaji.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwingereza mmoja mrefu, mkali lakini si mbaya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nitaliandika jina lako kwa mtihani huo," aliniambia, "ukiniletea jina la mwalimu. Siwezi kumpeleka mtahiniwa ambaye hakuna anayemfundisha. Una hadi mwisho wa muhula."

Basi elewa hapo, mwanangu, maana yote yaliyofuata yametoka hapo. Bila mwalimu hakuna Kilatini, na bila Kilatini hakuna sheria.

Nilitafuta. Nilivuka na feri hadi Likoni, kwa mzee mmoja wa Kizungu niliyeambiwa amesoma sana. Akaniuliza kama najua kutarizi. Nikaenda Kisauni, kwa kasisi mmoja, naye kwa upole akasema madarasa yake ni ya vijana watakaokuwa makasisi, na mimi hata kwa kunitazama tu sikuelekea huko. Nilirudi nyumbani na vumbi hadi magotini na hasira hadi kichwani.

Ndipo nikaamua sihitaji mtu. Nilipata kitabu cha Kilatini, kikuukuu, kwa Mhindi aliyeuza vitabu vilivyokwisha kutumika, nikakaa nacho uani. Na unajua nilivyokisoma? Kwa njia niliyoijua. Nilikihifadhi. Ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti, huku nikiyumbayumba, kama tulivyohifadhi juzuu. Sikuacha kitu. Vichwa vya habari nilivihifadhi, mazoezi nikayahifadhi pamoja na namba zake, na jina la mtu aliyekichapa kitabu nikalihifadhi vilevile.

Ilikuwa katikati ya kazi hiyo, asubuhi, Babu akichonga kalamu yake ya mwanzi upande wa pili wa ua, nikasikia akiita.

"Salma!"

"Abee, Babu."

"Hicho uimbacho ni nini?"

"Kilatini, Babu. Lugha ya Warumi wa kale."

"Umesoma kwa nani?"

"Kwa kitabu."

"Mimi nauliza mtu, weye wanijibu karatasi."

"Kitabu kimeandikwa na mtu, Babu."

"Haya. Mtu huyo yuko wapi? Ukikosea, atakwambia?"

Niliinamisha kichwa kitabuni. Babu akarudi kwenye kalamu yake.

Nilichukia. Nilijua swali hilo limetoka wapi. Kwetu, mtu akijiita msomi haulizwi amesoma vitabu gani, huulizwa amesoma kwa nani, na huyo naye alisoma kwa nani, na huyo wa nyuma yake, hadi majina yafike kwa watu waliokufa zamani. Babu aliweza kuyataja ya kwake bila kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa nikimwambia mama, kwa siri, kwamba hiyo si elimu, ni kuhesabu makaburi. Jambo likiwa kweli ni kweli, awe amelisema shehe au amelisema kasuku. Ndivyo nilivyoamini. Na hata leo sehemu yake naiamini, nisikudanganye.

Nikaendelea kuhifadhi. Nilihifadhi hata ndani ya basi la kwenda shule. Siku moja, tukiwa bado upande wa Changamwe, sauti ya msichana ikanijia kutoka kiti cha nyuma.

"Dada, samahani. Wamroga nani?"

Niligeuka. Alikuwa msichana wa rika langu, sare ya shule nyingine, meno meupe, macho ya kuchokoza.

"Simrogi mtu. Nasoma Kilatini."

"Kilatini!" Alicheka hadi kondakta akatutazama. "Mimi Kilatini nakisikia kila Jumapili kanisani, na hakijawahi kutoka hivyo. Hicho chako ni Kijomvu. Mama Filomena akikusikia atakunyunyizia maji ya baraka."

"Mama Filomena ni nani?"

"Mwalimu wetu. Mhindi wa Goa, mjane wa stesheni masta. Hutufundisha Jumamosi alasiri na Jumapili jioni, hapo kwenye nyumba za reli."

"Anakufundisha wewe? Kilatini?"

"Kwani nyinyi wa Jomvu ndio peke yenu mliopewa vichwa?"

Huyo alikuwa Kadzo, binti wa Kigiriama, babake akifanya kazi ya kufunga vidonda hospitali ya Port Reitz. Hatukupendana hata kidogo siku ile. Lakini Jumamosi iliyofuata nilimfuata Changamwe kama mtu aliyefungwa kamba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ya paa la mabati, na mbele yake mawaridi yamepandwa kwenye madebe. Mbwa mnene alikuwa amelala mlangoni. Mama Filomena alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani mizito na upepeo wa ukindu ambao haukutoka mkononi mwake. Kadzo akamweleza. Yule mama akanitazama, akanyoosha upepeo kama hakimu.

"Soma tukusikie."

Nikasoma. Nilisimama wima, nikayumba, nikaanza mwanzo wa kitabu na sikusimama. Nilipita jina la mchapaji. Nilipita "Zoezi la Kwanza". Niliposema namba ya ukurasa kwa sauti ileile ya heshima, Mama Filomena alivua miwani akafuta machozi, na machozi hayakuwa ya huzuni.

"Arre! Mtoto huyu amekula kitabu pamoja na jalada! Kadzo, mpe maji, ateremshie." Kisha akavaa miwani yake tena. "Sasa niambie kwa Kilatini: msichana anateka maji."

Sikuweza. Maneno yote matatu nilikuwa nayo, mwanangu, yamo kichwani humu, kila moja mahali pake. Lakini hayakujua kutembea pamoja. 

"Kichwa ni kizuri," alisema Mama Filomena. "Kimejaa kama ghala, mlango ndio haupo. Nitakufundisha, na jina langu utalipeleka shuleni kwenu. Lakini kwanza mzee wa nyumba yenu aje hapa nimwone. Sitaki kusikia kesho nimeiba mtoto wa Kiislamu."

Nyumbani kulikuwa na kishindo. Shangazi yangu alipiga kifua. "Akasome kwa Wagoa? Atarudi na msalaba shingoni, na mbwa nyuma yake!" Mama alilia kidogo. Baba alikuwa safarini. Wote wakamtazama Babu, nami nikasubiri kusikia sheria, maisha na kila nilichokitaka kikizimwa kwa neno moja.

"Nitakwenda nimuulize," Babu alisema.

"Umuulize nini, baba?" shangazi akashangaa.

"Nitakalo kumuuliza."

Alivaa kanzu ya Ijumaa, akachukua mwavuli, tukaenda. Mama Filomena alituona tukitoka mbali, na tulipofika mbwa alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba. Alileta soda, akaifungua mbele ya Babu, na bilauri akaiosha mbele yake, aone hakuna najisi.  Niliona mabega ya Babu yakishuka.

"Mama," alisema, "nimekuja kwa moja tu. Hiki Kilatini, umesoma kwa nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mzima, mwenye vitabu hadi dirishani, aulizwe kama mtoto wa chuoni! Lakini Mama Filomena hakuudhika. Aliweka upepeo chini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoiona mikono yake mitupu.

"Kwa Padre Anselmo, kijijini kwetu Goa. Nilikuwa mwimbaji wa kanisa. Aliniambia hataki niimbe nisichokielewa."

"Naye?"

"Kwa mjomba wake, aliyekuwa padre kabla yake palepale."

"Naye?"

Mama Filomena akafikiri. "Huyo alianzishwa na kipofu mmoja wa kijiji, hivyo ndivyo tulivyosikia. Wa zamani sana. Jina lake sikuambiwa. Mimi nafika hapo, Sheikh. Mbele yake sijui."

"Mbele yake yuwajua Mungu," Babu alisema, na uso wake ukafunguka. Kisha, kama mtu anayelipa heshima kwa heshima, akamtajia wa kwake, mmoja baada ya mwingine, hadi Lamu, hadi Hadhramaut, naye pia akafika mahali akasema, "Na hapo kwenda mbele sina hakika." Wakaitikiana kwa vichwa, yule shehe na yule Mgoa, na mimi nimekaa katikati yao na kitabu changu ambacho nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Na dini?" Babu aliuliza akiwa ameshasimama.

"Sheikh, Warumi ninaowafundisha hawa watoto waliabudu jua na bahari na sanamu za mawe. Dini yao ilikufa zamani. Ikiwa wewe wawaogopa, hata mimi itabidi niwaogope."

Babu alicheka. Njia nzima ya kurudi alicheka kidogokidogo, peke yake, na tulipofika nyumbani alimwambia shangazi, "Ana waalimu. Mwacheni asome."

Basi nikasoma. Alasiri za Jumamosi na jioni za Jumapili, mimi na Kadzo mezani kwa Mama Filomena, mbwa amefungwa nyuma akilalamika. Aliibomoa ghala yangu akaijenga upya, na mlango safari hii. Kadzo alielewa haraka na kusahau haraka. Mimi nilikuwa kinyume chake. Tukawa tunasindikizana hadi njia ya mguu inayoteremkia Jomvu, yeye akinifafanulia na mimi nikimsomesha kwa kuyumba.

"Nikifaulu kwa kuyumbayumba," alikuwa akisema, "wazee wangu watasema nimesilimu."

"Na mimi nikifaulu kwa kuelewa, wangu watasema nimebatizwa."

Kila nikirudi, Babu alinitaka nimsomee niliyosomeshwa. Hakujua neno hata moja la Kilatini. Lakini masikio yake yalikuwa ya miaka mingi ya kusikiliza watoto, na niliposita tu, alinyanyua kidole. "Hapo umeyumba. Kamuulize mwalimu wako." Nami wiki iliyofuata niliuliza, na kila mara, wallahi, hapo ndipo nilipokuwa nimekosea.

Mwisho wa muhula ulifika. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikampa jina. Alilisoma akainua nyusi.

"Mjane wa reli? Samahani, lakini nitajuaje kwamba anakijua Kilatini? Yeye mwenyewe amefundishwa na nani?"

Mwanangu, nilisimama wima. Mimi, niliyekuwa nikiita jambo hilo kuhesabu makaburi, nilifunga mikono nyuma nikamtajia, kwa Kiingereza safi, bila kusita: yeye kwa Padre Anselmo, Padre Anselmo kwa mjomba wake, mjomba wake kwa kipofu wa kijiji, na mbele ya hapo hatujui. Mwalimu mkuu aliiweka karatasi ya jina mezani. Nadhani katika maisha yake hapakuwa na mtahiniwa aliyemjibu hivyo.

"Mimi mwenyewe," alisema mwishowe, "nisingeweza kufika mbali kiasi hicho." Akachukua kalamu akaliandika jina langu.

Tulifanya mtihani, mimi shuleni kwetu na Kadzo kwao. Majibu yalipokuja, Kadzo ndiye aliyeyaleta ya kwake mbio hadi Jomvu, viatu mkononi, akakuta na mimi natoka mbio kwenda kumtafuta, tukagongana njiani tukaanguka wote wawili. Tulifaulu. Tulifaulu kwa daraja ambalo Mama Filomena alipoliona alisema neno kwa Kigoa ambalo alikataa kutufasiria.

Unajua, kwetu mtoto akihitimu chuoni haachwi hivihivi. Huvishwa, hupitishwa mitaani na wenzake wakisoma, na mwalimu wake huheshimiwa. Babu alisema hajui sababu ya Kilatini kukosa hayo. Akatuma mtu Changamwe. Mama Filomena alikuja Jomvu Kuu amevaa gauni lake la kanisani, akakalishwa kwenye kiti cha heshima, na shangazi yangu, yuleyule wa msalaba na mbwa, akamfunga leso mpya kwa mikono yake mwenyewe. Kulikuwa na halua na kahawa. Mimi na Kadzo tulipitishwa kijiji kizima, watoto wa chuo mbele, vigelegele nyuma, na Babu akatutaka tusome Kilatini kwa sauti mbele ya watu wote. Tukasoma. Watu hawakuelewa kitu, wakaitikia kwa furaha hata hivyo. Wakati ule Uhuru haukuwa umefika bado, lakini mimi, nikikumbuka siku niliyojiona huru, sikumbuki bendera. Naikumbuka jioni ile.

Nikaenda chuo kikuu. Nikawa wakili, na niliuliza maswali mahakamani hadi mahakimu wengine wakaniogopa. Na unajua nilichokikuta chuo kikuu? Nilidhani nitakuta watu kama mimi, wasioamini majina. Kumbe kila nilichokiandika, profesa alichora mstari pembeni akauliza: umekitoa wapi? Nani kasema? Naye amekitoa kwa nani? Lilikuwa swali la Babu. Nililitoroka Jomvu, nikakuta limetangulia kufika.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Sikwambii uache kuuliza. Mimi ningekuwa mtu wa mwisho kukwambia hivyo. Uliza kila kitu. Lakini na wewe ukubali kuulizwa. Hicho kilichomo kwenye simu yako huenda ni kweli, ila hakitanyanyua kidole ukiyumba. Toka nje, utafute mtu. Ukimkosa Likoni nenda Kisauni, ukimkosa kwa watu wako mtafute kwa majirani wasio wa dini yako, na ukiwa ndani ya basi soma kwa sauti, hata ikiwa wakosea. Nani ajuaye aliyekaa nyuma yako? Ukimpata, mheshimu, na ulijue jina lake na la aliyemfundisha, ili siku moja mtu akikuuliza usikose jibu kama nilivyolikosa mimi uani. Mungu akupe mwalimu mwema, akupe na mwenzio wa kukucheka ukikosea, na akujaalie siku ya kuhitimu kwako watu wote waliokupinga wawe wa kwanza kupiga vigelegele. Amin.

Na hili la mwisho nililijua juzijuzi tu, nilipokwisha kustaafu. Mimi na Kadzo, vikongwe wawili, tulifunga safari hadi Goa kukiona kijiji cha Mama Filomena, Mungu ailaze pema roho yake. Mtunza kanisa alituonyesha kaburi la mjomba wa Padre Anselmo, na pembeni yake kaburi dogo lisilo na msalaba mkubwa. Nikamuuliza ni la nani. Akasema ni la yule kipofu aliyemwanzisha padre Kilatini. Jina lake lilikuwa Aniseta. Alikuwa mwanamke, muuza maua mlangoni mwa kanisa, na Kilatini chote alichokuwa nacho alikihifadhi kwa kusikiliza, kwa sauti, bila kuwahi kushika kitabu.